Vigingi Kumi na Tisa

Asenath alikuwa na kanuni moja kuhusu mikutano ya serikali: mkutano wa chai ni mkutano, mkutano wa pilau ni mtego. Kanuni hiyo hakufundishwa na mtu. Aliipata mwaka ule kampuni moja, yenye jina refu kuliko barabara iliyoahidi kuijenga, ilipowaita watu wa ukingoni mwa Tana wakale pilau ya mbuzi chini ya hema jeupe. Kila aliyepokea sahani alitia kidole gumba kwenye karatasi ya mahudhurio. Miezi sita baadaye karatasi ile ile ikasomwa mbele ya wakubwa kuwa ndiyo ridhaa ya kijiji kutoa mashamba. Kampuni ilifilisika kabla haijapanda hata mche mmoja, na Mungu ashukuriwe kwa hilo, lakini Asenath hakusahau. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; yeye alishtuka hata akiona kamba ya kuanikia nguo.

Basi Jumanne ile, kikao cha tatu cha Kamati ya Mto kikiendelea katika ukumbi wa Garsen, waliingia wapishi wawili wamebeba sufuria kubwa inayofuka mvuke. Asenath akafunga daftari lake, akajitanda leso, akasimama.

"Mama Hiribae, wapi tena? Hata ajenda ya pili hatujaigusa," akasema Levi, mwenyekiti wa bodi ya mji, mtu wa sauti laini na mashati yaliyopigwa pasi mpaka mfukoni.

"Ajenda ya pili nimeshaisikia harufu yake," Asenath akajibu.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alitoka juani, akapanda bodaboda, akarudi kwake. Hilo lilikuwa kosa, na heri niliseme mapema, maana siku ile ndiyo iliyoamua kila kitu.

Kamati yenyewe iliundwa kwa sababu serikali mbili zilikuwa zimeshikana mashati. Mji wa Garsen ulikuwa unafura. Tangu mafuriko makubwa yalipowatoa watu vijijini, kila aliyepata mabati alijenga karibu na lami, na kila mwenye uwezo alitaka nyumba za kupangisha. Bodi ya mji ikaomba mpaka wa mji usogezwe hadi ukingoni mwa mto, na zijengwe nyumba ishirini kwa kila ekari. Serikali ya kaunti, kule Hola, ikasema haiwezekani: nyumba ziwe nne kwa ekari, na lile bonde linalopokea maji Tana ikijaa lisijengwe kitu, kwa sababu choo kikifurika pale kinafurikia kwenye maji ya kunywa ya watu wote mpaka Kipini. Wakavutana kwa barua mwaka mzima. Mwishowe wakakubali kuketi meza moja na kutafuta laini: juu yake mji ukue, chini yake maji yaachiwe njia yake.

Ndani ya bonde hilo kulikuwa na shamba la Asenath, ekari mbili na nusu za mpunga na migomba, alilolilima mamake na mama wa mamake. Kando ya shamba ilipita malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kwenda kunywa mtoni. Kwa hiyo kamati ikapewa wawakilishi wawili wa wananchi: Asenath kwa upande wa wakulima, na Sabdio kwa upande wa wafugaji. Laini ikipita juu ya shamba, shamba lingebaki shamba. Ikipita chini, lingegeuka ploti, na ploti hugawanywa na bodi, na bodi ile haikuwahi kumgawia mkulima hata ploti ya kaburi. Asenath alilijua hilo vizuri, na usingizi ulikuwa umempungua tangu Januari.

Sabdio hakuwa mgeni kwake. Miaka ishirini na kitu mwanamke yule Mworma alimletea maziwa kila asubuhi, naye akimpa mchele na ndizi. Mwaka wa mapigano, watu wa mto na watu wa ng'ombe walipouana, hawakusemezana kwa miezi kumi na mmoja. Kisha asubuhi moja Asenath alikuta kibuyu cha maziwa kwenye mpaka wa shamba, hakuna mtu. Akayachemsha, akayanywa, ingawa wifi yake Kadii alimsihi asiyaguse. Hivyo ndivyo walivyorudiana, bila mkutano na bila karatasi. Kidonda kilipona, kovu likabaki. Asenath alimpenda Sabdio, na bado kila alipomwona anaongea na mtu mkubwa, moyo wake uliuliza wanaongea nini.

Saa kumi jioni, siku ile ile ya pilau, alikuwa anapepeta mchele nyuma ya nyumba aliposikia gari. Akachungulia. Gari jeupe la Levi lilikuwa limesimama karibu na ua wake, na aliyekuwa akishuka ni Sabdio. Tena alishuka kutoka kiti cha mbele! Levi akampungia mkono, kisha gari likaondoka polepole, kwa mwendo wa mtu anayetaka kuonekana.

"Kadii," Asenath akanong'ona, "mwambie nimekwenda Minjila."

"Minjila kufanya nini?"

"Kufanya yangu. Wewe mwambie."

Kadii akatoka. Asenath akajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, ungo mkononi, hasira usoni. Sabdio hakuondoka upesi. Aliketi kwenye gogo nje ya ua, akavuta mtandio wake mbele kukinga jua, akangoja karibu saa nzima. Mwishowe akainuka, akashika njia kwa miguu, na Kadii akarudi ndani na ujumbe.

"Anasema ana neno. Na anataka akwambie wewe mwenyewe, si mimi."

"Neno lenyewe limeletwa na gari la Levi?"

"Labda alipewa lifti tu, wifi."

"Levi hampi lifti hata mamake mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako, Kadii. Huyo keshakula pilau."

Kesho yake maziwa yalipoletwa, aliagiza yarudishwe. Alisema tumbo linamsumbua. Kadii alimtazama tu, kwa sababu tumbo la Asenath lilikuwa halijawahi kumsumbua tangu azaliwe.

Alhamisi alikwenda ibada ya akina mama. Aliporudi alikuta vigingi.

Vilikuwa kumi na tisa. Alivihesabu akienda, akavihesabu tena akirudi. Vilikuwa vya mti, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimepangwa mstari mmoja kwenye mpaka wa juu wa shamba lake, vikavuka mdomo wa malka, vikaendelea hadi kwenye vichaka vya mathenge. Hapakuwa na barua wala mtu wa kumweleza. Vijana wa kupima ardhi walikuwa wameshaondoka na chupa zao za maji ya kunywa zimebaki zimetupwa kwenye nyasi.

Mtu wa kwingine angeuliza vigingi vile vinasema nini. Watu wa mto hawaulizi. Kwao kigingi ni mgeni anayekuja kumfukuza mwenyeji, na dawa yake ni kumng'oa kabla hajazoea. Kutoka Ndera hadi Kipini utakuta wazee wanaojisifu kwa vigingi walivyong'oa, na watoto wao wanawasikiliza kwa heshima. Mara nyingi wazee hao walikuwa na haki. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kufundishwa kwamba kuna kigingi cha aina nyingine.

Asenath aliutazama mstari ule, na hesabu ikajipanga kichwani mwake bila taabu. Shamba lote lilikuwa chini ya mstari, na malka yote pia. Haikumjia kwamba huenda ndiyo ile laini, imepita juu ya shamba na kulinusuru; laini ya kamati ingekuja na barua, na huu aliuona mpaka wa kunyang'anya tu. Aliyeonekana kwenye gari la Levi ni mwakilishi wa malka. Basi wamegawana: Waorma watapanuliwa njia, bodi itachukua kilichobaki, na yeye atapewa pole. Kila kitu kiliingia mahali pake vizuri mno, na hilo peke yake lilipaswa kumtia shaka. Lakini shaka yake ilikuwa imeshatumika yote kwa Sabdio, haikubaki hata chembe ya kujishuku mwenyewe.

Ijumaa, jua la saa saba likiwa limewafukuza watu wote vivulini, alichukua jembe.

"Nije?" Kadii akauliza.

"Kaa. Ukiulizwa useme ulikuwa umelala."

Vya kwanza viling'oka kirahisi. Vya katikati, kwenye udongo mgumu wa malka, vilimchubua viganja. Alichimba, akatikisa, akavuta, akimtukana Levi kwa Kipokomo na kumlilia Sabdio moyoni, maana ni kweli alikuwa analia. Alivifunga vyote kwa kamba ya mgomba, akauburuta mzigo hadi ukingoni, akautupa mtoni. Maji ya Tana, mekundu na mazito, yakavichukua. Alipogeuka aliona kimoja kimechomoka njiani, kimelala kwenye matope ya malka. Alikuwa amechoka, mgongo unamwaka. Akakiacha. Ng'ambo ya malka palikuwa na ng'ombe wachache wamelala chini ya mikoma, na ng'ombe hawatoi ushahidi.

Jumamosi Levi alikuja mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akiuliza kwa ile sauti yake laini nani ameona nini. Alipofika kwa Asenath alinyoosha mkono kumsalimu, akaushika mkono wake muda mrefu kuliko ilivyo desturi, akaugeuza kidogo na kuangalia kiganja.

"Kazi ya shamba ni ngumu, Mama Hiribae."

"Ungeijaribu ungejua," Asenath akasema, akauvuta mkono wake.

Levi alipoondoka, Asenath alisimama akimfuata kwa macho. Kwa nini Levi hakukasirika? Mtu aliyeng'olewa vigingi hukasirika. Huyu alionekana kama mtu aliyetega, akaenda kukagua.

Jumatatu ikaja habari kwamba polisi wamemkamata Dadacha, mume wa Sabdio. Alikutwa na kigingi kimoja chenye rangi nyekundu, amekipiga ardhini kando ya barabara kuu, amemfungia ndama, mahali ambapo hata kipofu angekiona. Alipoulizwa, mzee alisema ni yeye, vyote ni yeye, vilikuwa vinamkwaza ng'ombe. Hakusema zaidi. Angelala ndani hadi Alhamisi, siku ya mahakama.

Asenath alifurahi. Si jambo zuri kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: alikaa kwenye kigoda, akashusha pumzi, akafurahi. Baada ya furaha ikaja aibu, na baada ya aibu, kwa sababu Asenath ni Asenath, ikaja shaka. Mtu mzima, mwenye akili zake, anakubali vipi kosa ambalo hakulifanya? Hapo kuna jambo. Pengine Levi na Sabdio wamekosana. Pengine mzee ameahidiwa kitu. Alilipindua lile jambo kila upande, na kila upande ulikuwa na njama.

Jumatano kikao cha nne kikakaa. Safari hii ilikuwa chai na mandazi, na Asenath aliketi. Sabdio aliketi upande wa pili wa ukumbi, amenyooka, macho yamemvimba. Hawakusalimiana.

Ofisa wa mipango wa kaunti, Josephine, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama kusoma kumbukumbu za kikao cha tatu, kile cha pilau. Alizisoma upesi, kwa kuwa wote isipokuwa mmoja walikuwepo.

Alisoma kwamba bodi ilitaka laini ipite katikati ya shamba la Mama Hiribae. Alisoma kwamba mwakilishi wa wakulima alikuwa ameondoka. Alisoma kwamba mwakilishi wa wafugaji, Bi Sabdio, alikataa kula, akakataa kukaa, akasema laini haitapita katikati ya shamba la mtu ambaye hayupo kujitetea. Akasimama saa mbili, hadi laini ikapandishwa juu ya shamba lote na juu ya malka yote. Chini ya laini hakuna kujenga, milele. Juu ya laini, nyumba nane kwa ekari, pande zote mbili zimekubali. Vigingi vipigwe Alhamisi. Ofisi ya bodi imwandikie Mama Hiribae barua, na Bi Sabdio, kwa hiari yake, atapita kumweleza mwenyewe siku hiyo hiyo.

Asenath alihisi baridi, katika ukumbi ule ambao feni yake ilikuwa imekufa tangu mafuriko. Alimtafuta Sabdio kwa macho. Sabdio alikuwa anatazama meza.

"Kuna sharti moja," Josephine akaendelea. "Vigingi visimame hadi kikao hiki. Mwakilishi yeyote akiving'oa, itahesabiwa kwamba watu wake wameikataa laini, na ombi la awali la bodi ndilo litakalopita. Akiving'oa mtu mwingine yeyote, hilo ni kosa la jinai la mtu huyo, vigingi vinarudishwa, na laini inabaki. Tumearifiwa kwamba mtu mmoja amekiri."

Levi akainua mkono. "Madam, mimi nina swali dogo tu. Mzee wa miaka sabini na mbili aling'oa vigingi kumi na tisa peke yake? Kwenye udongo ule?" Akageuka, akamtazama Asenath kwa upole kabisa. "Nauliza tu. Huenda kuna mwenye kujua zaidi."

"Tunywe chai kwanza," akasema Josephine.

Nje, kwenye bomba la maji, Josephine alisimama kando ya Asenath akisuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

"Mama, mimi sijui kitu, na sitaki kujua," alisema bila kumtazama. "Mzee amekubali. Atatozwa faini, atakwenda nyumbani. Vigingi vitarudi Ijumaa. Shamba litabaki. Wewe kunywa chai yako."

Kisha akarudi ndani. Asenath alibaki ameshika sikio la kikombe. Yote aliyoambiwa yalikuwa kweli, na hakuamini hata moja. Tangu lini ofisa wa serikali anamnong'oneza mkulima jambo la kumsaidia? Ameandikwa wapi mtu wa Hola anayekuokoa bure? Huenda Levi amemtuma. Huenda wanataka anyamaze leo, ili kesho wamgeuzie: alinyamaza mzee asiye na hatia akilala kwenye saruji, mwanamke wa namna gani huyu wa kuachiwa shamba? Na Sabdio je? Anajua au hajui? Kama anajua, anangoja nini?

Walipokaa tena, alimtazama Sabdio, na Sabdio naye akamtazama. Akatikisa kichwa, kidogo sana, mara moja tu. Asenath alilisoma tendo lile kama alivyozoea kusoma mambo: ananitisha. Ananiambia kwamba nisiposema mimi, atasema yeye, sasa hivi, mbele ya watu wote. Na hapo hapo akamwona mzee Dadacha, mtu aliyemjua miaka yote ile, amekaa kitako kwenye sakafu ya rumande kwa ajili ya mikono yake yeye. Akaona aibu hadi masikioni. Sijui ni lipi lililomwinua, haki au hofu. Yeye mwenyewe hajui hadi leo. Nadhani zilimwinua zote mbili, kila moja imeshika mkono wake.

"Ni mimi," akasema.

Watu wakageuka.

"Vigingi niliving'oa mimi. Vyote. Mzee Dadacha hakugusa hata kimoja, alikiokota tu. Nilidhani vinakuja kuninyang'anya shamba. Hakuna aliyeniambia." Hapo akakumbuka mtu aliyekaa saa nzima kwenye gogo.

Josephine alivua miwani, akaiweka juu ya faili, akafumba macho. Levi hakutabasamu. Ningependa kusema alitabasamu, ingekuwa rahisi kumchukia, lakini alikuwa mtu wa adabu. Alisema tu, "Iandikwe."

Ikaandikwa. Haikuchukua hata nusu saa. Mwakilishi wa wakulima ameikataa laini kwa kitendo. Ombi la awali la bodi limepita: mpaka wa mji hadi mtoni, nyumba ishirini kwa ekari, hatua chache tu za ukingo ziachwe wazi kwa mujibu wa sheria. Mashamba na njia za mifugo ndani ya mpaka mpya yapimwe upya. Josephine alimwomba Asenath atie sahihi, naye akatia, kwa maandishi mazuri ya mtu aliyefika darasa la saba. Barua ya bodi, ile aliyopaswa kuletewa, hakuna aliyeiuliza iko wapi.

Alimkuta Sabdio nje ya kituo cha polisi, amesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akingoja mumewe aachiliwe. Asenath alisimama mbele yake, mikono imelegea.

"Mama Ikran," akasema. "Nimesema. Mzee anatoka."

"Nimesikia."

"Ungenitaja, nisingekulaumu. Nilikuona unatikisa kichwa."

Sabdio akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nakutaja? Mimi nakwambia nyamaza! Kichwa hivi, hivi, si ni nyamaza? Kwenu hii ni nini?"

Asenath aliangalia viganja vyake vilivyochubuka.

"Wewe unafikiri sisi hatujui?" Sabdio aliongea taratibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila kupandisha sauti. "Ijumaa mimi niko kule chini ya mikoma na ng'ombe. Nakuona na jembe. Nakuona unalia. Nataka kuja, naogopa, nasema huyu mama ana hasira, atanipiga. Narudi kwa mzee, namwambia. Mzee anafikiri, halafu anasema, Levi atatafuta mtu. Akitafuta atampata huyu mama, na laini imekufa. Basi apate mtu mwingine kwanza. Anakwenda malka, anachukua kile kimoja ulichoacha, anafunga ndama pale barabarani. Anakaa hapo anangoja polisi. Siku mbili, Mama Hiribae! Siku mbili anakaa kwa jua, polisi wanapita, hawaoni!"

"Kwa ajili yangu?"

"Si wewe peke yako. Malka ni yetu. Lakini na wewe, ndiyo." Akapangusa uso kwa pembe ya mtandio. "Ile Jumanne mimi sikutaka gari ya huyo mtu. Lakini yeye anasema anapita huko huko, na mimi nina haraka, nataka wewe usikie kabla ya vigingi. Nakaa kwa ua wako mpaka jua linageuka. Mguu wako nauona chini ya mlango. Leo tena nakwambia nyamaza, wewe unasimama. Mara mbili. Hata mara moja hukuniuliza."

Asenath alitaka kusema nisamehe. Neno lilikuwepo, lilikuwa mdomoni kabisa, lakini alilionea haya kwa udogo wake. Akasimama hivyo hivyo, akilia waziwazi mbele ya kituo cha polisi, na watu wa bodaboda wakimwangalia.

Mlango ukafunguliwa. Dadacha akatoka, viatu mkononi, kofia yake imechafuka vumbi, akapepesa macho kwa mwanga. Alimwuliza mkewe jambo kwa Kiorma. Asenath alikijua Kiorma cha kutosha. Mzee aliuliza kama laini imebaki.

Sabdio akamjibu kwamba imekwenda.

Mzee aliinama. Alivaa kiatu cha kulia, akavaa cha kushoto, akajinyoosha. Kisha akamgeukia Asenath, akamsalimu kama anavyomsalimu siku zote, akamwuliza habari za nyumbani, habari za mwanawe Hiribae, na mpunga umefikia wapi.

"Umeanza kuchanua," Asenath akasema.